Kuzamia Bonaire kwa Macho ya Mtu wa Tanga

Tangu niliporudi kutoka Bonaire, swali ninaloulizwa zaidi hapa Tanga si la samaki wala la matumbawe bali ni la nauli, na baada ya nauli huja la pili ambalo kwa kweli ni la haki: mtu aliyekulia Sahare, mwenye bahari mlangoni, anavuka bara zima na bahari nyingine kwenda kutazama nini chini ya maji? Safari yenyewe nitaieleza kwa ufupi, maana haina utamu. Nilikwenda Dar es Salaam kwa basi, nikapanda ndege hadi Amsterdam, na huko nikaungana na dada yangu na mumewe, wanaoishi Uholanzi, tukavuka Atlantiki pamoja. Anayekusudia kwenda kwa pasi ya Tanzania ajue mapema kwamba viza ya sehemu ya Karibi ya Ufalme wa Uholanzi si ile ya Schengen inayotumika Ulaya, na kwamba fedha ya kisiwani tangu mwaka 2011 ni dola ya Marekani, ingawa kisiwa ni cha Uholanzi. Nyumba na gari walilipia wao. Bila hivyo nisingekuwa na la kusimulia.

Bonaire ni kisiwa kidogo kuliko Mafia, chenye kilometa za mraba 288, jirani na Curaçao na Aruba, kiasi cha kilometa 80 kutoka pwani ya Venezuela. Sisi tumezoea kuupanga mwaka kwa kusi na kaskazi, na mvuvi wa hapa anajua ni miezi gani maji yatachafuka na ni upande gani wa kujikinga. Kule upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo nchi kavu yenyewe huukinga upande wa magharibi, na maji ya upande huo hutulia na kuwa maangavu, ilhali upande wa mashariki mawimbi hupiga mwamba mchana na usiku. Ndiyo sababu mji mkuu, Kralendijk, na karibu sehemu zote za kuzamia ziko magharibi.

Jambo jingine lilimshughulisha sana mjomba wangu, ambaye maisha yake yote ni ngalawa na mishipi. Nilipokuwa namweleza kwamba tulikuwa tukizamia kwa kuingia majini kutoka ufukweni bila chombo, alinikatiza.

“Sasa maji yakitoka, mwanangu, mnatembea mpaka wapi ndipo mzame?”

“Mjomba, kule maji hayatoki.”

Alinitazama kama anayengoja nicheke. Hapa kwetu wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta 3, na mtu anaweza kuvuka kwa miguu mahali ambapo asubuhi kulipita jahazi. Katika Bahari ya Karibi tofauti hiyo ni ndogo sana, kiasi kwamba mgeni asiyejua hawezi kuitambua. Mwamba wa matumbawe nao uko karibu mno na nchi kavu. Unaogelea kidogo juu ya mchanga na matumbawe machache, kisha sakafu inainama ghafla na kuteremka kwenye buluu, na hapo ndipo ulipopafuata. Hakuna kungoja maji, hakuna nahodha wa kubembeleza, hakuna mafuta ya mashine.

Kwa sababu hiyo, chombo cha mzamiaji wa Bonaire ni pikapu. Tulikuwa tukipakia mitungi nyuma asubuhi, tukiifunga kwa kamba isigongane, halafu tunaifuata barabara ya pwani tukitafuta mawe ya njano. Kila mahali pa kuzamia kando ya barabara pana jiwe lililopakwa rangi ya njano na kuandikwa jina la mahali hapo, basi. Hakuna kibanda wala mtu wa kukatisha tiketi. Jina moja lilinitisha, kwa maana lilidai kwamba kuna ngazi 1000 za kushuka hadi majini, lakini ukizihesabu hazifiki hata 100. Aliyepabatiza bila shaka alikuwa akipanda, mtungi mgongoni, jua likiwa utosini. Wenyeji pia wanakushauri usiache kitu chochote ndani ya gari na uache vioo wazi, ili mwizi ajionee mwenyewe kwamba hakuna cha kuvunjia. Ushauri huo nilioupata katika kisiwa cha starehe ulinifanya nijisikie nyumbani.

Kabla ya kuingia majini kwa mara ya kwanza kila mzamiaji hulipa ada ya hifadhi, huelezwa masharti, kisha huzamia mara moja karibu na nchi kavu ili ionekane kama anaweza kujidhibiti aelee bila kugusa chini. Glavu haziruhusiwi, maana mwenye glavu hushikashika. Nilipowauliza walianza lini ukali huu, nikaona kwamba wametutangulia kwa miaka mingi: kasa na mayai yao walilindwa mwaka 1961, kuvua kwa mishale chini ya maji kukapigwa marufuku mwaka 1971, kuchukua matumbawe mwaka 1975, na mwaka 1979 ikaanzishwa hifadhi ya bahari inayozunguka kisiwa kizima, kutoka ufukweni hadi kina cha meta 60, pamoja na kile kisiwa kidogo cha Klein Bonaire kilicho mbele ya mji. Chombo hakiruhusiwi kutia nanga juu ya matumbawe. Kinafungwa kwenye boya. Nadhani boya ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko sheria zote, kwa sababu sheria humtaka mtu ajizuie, lakini boya humpa mahali pa kufunga kamba yake.

Niseme wazi kwamba kwa wingi wa viumbe, Karibi haitushindi. Aina za matumbawe za Bahari ya Hindi ni nyingi mara kadhaa kuliko za kule, na wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaoishi ndani ya anemoni, ambao huwezi kuwakosa katika miamba yetu, hawapo kabisa katika Atlantiki. Walichonacho wao ni sponji, yaani wale wanyama wa baharini wanaojishika mwambani, nyingine kubwa kiasi cha kumtosha mtu mzima kuingia ndani yake, na samaki ambao hawajui kuogopa. Chewa alibaki mahali pake nilipomkaribia, akageuza jicho tu. Pono walikuwa wengi mno. Ukizuia pumzi kidogo unasikia midomo yao ikikwaruza mwamba, krrr, krrr, kisha unawaona wakitoa nyuma wingu la mchanga mweupe, ambao ni yale matumbawe waliyoyasaga. Kule kumvua pono ni kosa, kwa kuwa yeye ndiye anayepalilia mwani unaoyasonga matumbawe. Hapa Tanga nimewaona pono wengi zaidi mezani pale soko la samaki la Deep Sea kuliko chini ya maji, na sitasema kwamba sijawala.

Kisha kuna samaki simba, mwenye mapezi yaliyotawanyika kama manyoya ya jogoo na miiba ya sumu mgongoni. Huyu ni wa kwetu. Katika miamba ya Tanga anakaa kivulini chini ya mwamba, mmoja hapa na mwingine pale, wala hamsumbui mtu asiyemkanyaga. Katika Atlantiki hakuwahi kuwapo mpaka watu walipomfikisha, na inaaminika kwamba alitokana na samaki wa mapambo walioachiwa baharini huko Florida, ambako alionekana kwanza mwaka 1985. Bonaire alifika mwaka 2009. Samaki wadogo wa kule hawamjui, hawamkimbii, naye huwameza mmoja baada ya mwingine, huku akiwa hana adui wa kutosha wa kumpunguza. Kwa ajili yake tu sheria ya mwaka 1971 imelegezwa: wazamiaji waliofunzwa na kupewa kibali hubeba mkuki mfupi maalumu.

Kiongozi wetu alikuwa mmoja wao. Katika kina cha meta 20 hivi alimkuta samaki simba chini ya ubao wa matumbawe, akajongeza mkuki polepole hadi ukabaki umbali wa kiganja, na samaki yule hakukimbia. Alifanya vilevile wanavyofanya wa kwetu, yaani alitandaza mapezi yake na kuinamisha miiba kumwelekea adui, akitegemea kwamba sumu inatosha. Mkuki ulipita. Jioni tulimla, miiba ikiwa imekwisha kukatwa kwa mkasi, na nyama yake ni nyeupe, laini, karibu na changu. Shemeji alinitania kwamba nimesafiri kutoka Tanga kwenda kumla jirani yangu.

Meli ya Hilma Hooker nitaieleza kwa mistari michache, kwa kuwa kila anayefika Bonaire huizungumzia. Ni meli ya mizigo yenye urefu wa meta 72, iliyokutwa na shehena ya bangi iliyofichwa nyuma ya ukuta wa bandia. Mwenyewe hakujitokeza, maji yakazidi kuingia, ikaondolewa gatini na kuzama tarehe 12 Septemba 1984. Imelala ubavu katika kina cha meta 30, na katika kina hicho hewa ya mtungi huisha haraka kwa sababu shinikizo ni mara nne ya lile la juu. Kabla hujashiba kutazama, geji ya hewa inakuambia urudi juu.

Kilichonigusa zaidi kiko juu ya ardhi. Kusini mwa kisiwa kuna mashamba ya chumvi, maji yake yamegeuka rangi ya waridi, na kando ya bahari vimesimama vibanda vya mawe ambavyo mtu mzima huingia kwa kutambaa. Vilijengwa karibu mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliokuwa wakichota chumvi, miaka michache kabla Uholanzi haijakomesha utumwa katika makoloni yake ya huko mwaka 1863. Sehemu mbili za kuzamia zimechukua majina yake kutokana na vibanda hivyo, na wazamiaji huvaa mapezi yao hapo hapo, wakicheka. Nami nilivaa ya kwangu. Mtu wa pwani aliyewahi kutembea Pangani au Bagamoyo hawezi kuviona vibanda vile kama mapambo ya ufukwe.

Wala Bonaire si pepo. Mwaka 2023 ulionekana huko ugonjwa unaoua nyama ya matumbawe magumu, ule uliogunduliwa Florida mwaka 2014, na nimepita juu ya matumbawe yenye umbo la ubongo na ukubwa wa gari ambayo nusu yake ni mfupa mweupe. Vifaa vyote tulikuwa tukivitumbukiza katika pipa la dawa kabla ya kuhamia sehemu nyingine. Hata hivyo, mwamba ulioungua kwa ugonjwa bado umesimama, na samaki wanaingia na kutoka matunduni mwake. Mwamba uliopigwa bomu na wavuvi wa baruti, kama ile ambayo wazamiaji wa Tanga tunaifahamu vizuri, ni rundo la vipande vinavyobingirishwa na kila mkondo, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kisichotulia. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009, iliyopata jina lake kutokana na samaki wa kale walionaswa kwenye majarife ya wavuvi wetu. Silikanti anaishi chini mno kuliko mtungi wa hewa unakoweza kukufikisha, lakini miamba iliyo juu yake inafikika kabisa.

Kwa anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni ajifunze huku kwetu kwanza. Unguja, Pemba na Mafia wapo walimu, cheti chao kinakubalika dunia nzima, na mtu aliyezoea mikondo ya Pemba ataiona Bonaire nyepesi. Apange pia siku ya mwisho bila mtungi, kwa sababu baada ya kuzamia mara kwa mara inashauriwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka taratibu. Sisi siku hiyo tulikwenda hifadhi ya Washington Slagbaai, kaskazini, tukawatazama flamingo.