Mikroni 50 Juu ya Kinesini

Hii ni safari ya mirija midogo ya protini, inayosukumwa na protini-injini ziitwazo kinesini na kuunganishwa kwa DNA. Tunaondokea kwenye barafu, maana hapo tubulini, protini za kujengea mirija hiyo, hazishikani. Tukizihamishia kwenye nyuzi joto 37 pamoja na GTP, molekuli ya nishati, na magnesi, ndani ya nusu saa zimejipanga kuwa mikrotubuli, mirija yenye kipenyo cha nanomita 25. Taksoli, dawa ya kuimarisha mirija, inafuata papo hapo. Ukiisahau, mirija ikipata baridi inasambaratika.

Mzigo wetu ni DNA. Tubulini yenye azidi inanasa uzi wa DNA wenye DBCO, maana kemikali hizo mbili hushikana zenyewe bila kuhitaji shaba kama kichocheo. Kundi moja linabeba uzi huu na rangi nyekundu, la pili uzi mwingine na rangi ya kijani. Nyuzi zilizobaki huru ndizo zinazotuponza: zinawahi kiunganishi, yaani uzi wa DNA wa kuunganisha makundi mawili, na mirija inapishana kama haijuani. Kwa hiyo tunaizungusha kwenye mashinepewa, mashine ya kuzungusha kwa kasi, juu ya tabaka la gliseroli, kisha tunachukua mashapo.

Barabara yenyewe ni upenyo wa mikrolita 10 hivi kati ya vioo viwili na vipande viwili vya utepe wa gundi. Kaseini, protini ya maziwa, iingie kwanza. Bila hiyo kinesini inajibandika ovyo kwenye kioo na kufa. Halafu kinesini, halafu mirija, mwisho ATP, nishati ya kinesini.

ATP ikiingia, tunaondoka. Kinesini ni kama watu waliolala chali wakisukuma boriti kwa nyayo: hatua ya nanomita 8 kwa ATP moja. Wao wanaelekea ncha ya mrija iitwayo chanya, kwa hiyo mrija unatangulia na ncha hasi. Kwa kasi ya karibu mikroni 0.8 kwa sekunde, mikroni 50 ni dakika moja na ushei.

Njiani tunakwama. Ncha ya mbele imenaswa na kinesini mfu, nyuma bado panasukumwa. Mrija unajikunja, unazunguka kama chango, mara unakatika. Ukiona hivyo kila mahali, usilaumu DNA. Kinesini imegandishwa na kuyeyushwa mara nyingi mno.

Sasa tunatia ishara, yaani kile kiunganishi, uzi wa DNA unaooana na nyuzi za makundi yote mawili. Mirija inayokutana kwa pembe ndogo inalaliana na kwenda pamoja. Inayokutana kwa pembe mraba mara nyingi inavukana tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walionyesha mwaka 2018 kwamba mirija migumu, iliyokuzwa kwa GMPCPP, molekuli inayofanana na GTP ila huvunjika polepole, inakwenda kwa misafara iliyonyooka, na ile laini ya GTP inazunguka kwenye duara. Kwa maoni yetu, uchaguzi huo wa mwanzoni una uzito kuliko herufi za DNA.

Mwanga wa hadubini nao, ukishirikiana na oksijeni, unakatakata mirija, hivyo tunaongeza glukosi, oksidesi yake na katalesi za kuondoa oksijeni, na tunaufunga mwanga kati ya picha na picha.

Uzi wa kutenganisha unashika kipande kilichoachwa wazi kwenye kiunganishi na kukivua chote. Msafara unalegea ubavuni, mrija mmoja unachomoka, kisha wa pili, kila mmoja kwa njia yake, kwani ATP bado ipo.