Papai na maziwa vililala friji moja, asubuhi vikaamka chungu

Usiku nilisaga smuthi ya papai na maziwa, nikaonja, tamu hatari, nikafunika jagi nikaliweka friji nikijua kesho yake kila mtu namimina glasi yake anakunywa anaondoka, maana hapa kwangu saa kumi na mbili kasoro basi la shule lishapiga honi nje. Asubuhi binti yangu akapiga funda moja akaiweka glasi mezani taratibuuu akaniuliza "Mama, hii ni dawa?" Nikaonja na mie. Chungu kama shubiri! Nikajua maziwa yamechacha lakini yale yaliyobaki kwenye paketi nikayaonja yako sawa kabisa, papai lililobaki nalo tamu, ila vikiwa pamoja humo kwenye jagi havinyweki. Nikamwaga lote, roho iliniuma sana.

Nikampigia mama kumhadithia, akaniambia "Sasa mwanangu, papai si ndo tunalainishia nyama?" Na kweli jamani, kwetu mishkaki ikiwa ya nyama ngumu mama anasaga papai bichi anaipaka, baada ya muda nyama inakuwa laini yenyewe. Ndani ya papai kuna kimeng'enya kinaitwa papaini, kazi yake ni kukatakata protini, na kwenye papai bichi ndo kingi zaidi ila hata lililoiva kipo. Kwenye nyama kinafanya ilainike, ukikiweka kwenye maziwa kinakatakata protini ya maziwa, na vile vipande vinavyobaki ndo vina huo uchungu. Kadiri inavyokaa ndo uchungu unavyozidi, hata ikiwa friji. Nanasi nalo lina cha kwake, kinaitwa bromelaini, tabia ni hiyo hiyo. Kwa hiyo sheria ya hapa nyumbani siku hizi papai au nanasi na maziwa au mtindi ni kusaga na kunywa hapo hapo, kulaza ni marufuku. Mie mara nyingi papai nasagia na maji na ndimu tu, na nanasi nasagia na tui jepesi la nazi, hiyo nikipata nanasi zuri la Kiwangwa naweza nikanywa peke yangu jagi zima.

Ila nilichotaka kuwaambia hasa sio papai. Ni kwamba smuthi sio juisi, na wengi wetu tunaitengeneza kama juisi. Tunasaga, tunachuja, makapi tunatupa, halafu tunaongeza sukari. Sasa yale makapi ndo nyuzinyuzi zenyewe, ndo zinakushibisha, ndo zinafanya sukari ya tunda isikimbilie kwenye damu yote kwa mara moja, na ndo zinasaidia choo. Ukishachuja unabaki na maji matamu. Mie nilikuwa naweka vijiko 6 vya chakula vya sukari kwenye jagi la lita moja na nusu na naona kawaida tu maana hata kwetu tulikuwa tunaweka hivyo. Kijiko kimoja ni kama gramu 12, piga hesabu, gramu 70 na ushee, tunakunywa watu 4, yaani mtoto kashapata karibu gramu 18 za sukari ya kuongeza na chai bado hajagusa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ikishuka chini ya hapo ni bora zaidi, mtoto ndo kabisa anatakiwa apungukiwe. Na wapendwa, kwenye hesabu yao asali imo, na juisi ya matunda imo pia hata kama umeikamua mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo wale wa "mie situmii sukari natumia asali", asali ni nzuri lakini kwenye hesabu hii inahesabika.

Utamu mie nautoa kwenye ndizi. Ndizi kisukari ikishakuwa na madoa meusi ganda zima, ile ambayo watoto wanaikataa kuila hivi hivi, hiyo ndo dhahabu. Kaka wa genge ananijua, akiona zimeanza kulegea ananiwekea pembeni na bei anapunguza maana kwake zinaenda kuharibika. Namenya zote, nakata vipande vya kama kidole, natandaza kwenye sinia zisigusane, naingiza friza, zikishaganda ndo nazihamishia kwenye kopo la aiskrimu. Usiziweke kopo moja kwa moja kabla hazijaganda, zinaganda bonge moja na hutaweza kulivunja. Embe nafanya hivyo hivyo. Ikiwa siku hiyo kuna embe zuri nanunua la ziada nakata nagandisha, na hii ndo inafanya kazi ya asubuhi iwe ya dakika 5 maana kumenya na kukata kote kumeshaisha Jumamosi. Na hauhitaji barafu tena, tunda lenyewe ndo barafu. Barafu kama lazima uweke basi ya maji uliyochemsha mwenyewe, ya kununua mtaani sina imani nayo kwa watoto.

Parachichi pia muhimu, na hapa kuna ufundi wa kununua. Ukifika genge usilibonyeze na vidole unayapondaponda ya watu, mwambie tu muuzaji unataka la lini. Mie nafika nasema "naomba la leo moja na la keshokutwa mawili", kaka anayapitisha mkononi moja moja, anashika tu kwa kiganja, ananipa, "hili la leo dada, hili usilikate kabla ya Jumatano", na hajawahi kukosea. Parachichi kwenye smuthi ndo linaleta ule uzito wa kama krimu, halafu lina mafuta mazuri, na ile rangi ya njano kwenye embe na papai ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue vizuri. Kwa hiyo embe na parachichi vinasaidiana kabisa humo ndani. Robo ya parachichi kubwa inatosha, ukizidisha inakuwa uji.

Basi ya kwangu ya kila siku iko hivi, inatoa glasi kubwa mbili. Kikombe kimoja cha embe lililoganda, ndizi kisukari 2 au mtwike 1, hiyo robo ya parachichi, mtindi nusu kikombe, maji nusu kikombe, kipande cha tangawizi cha kama kucha ya dole gumba, na kijiko kimoja cha unga wa ubuyu. Nasema unga mweupe wa ubuyu, ule unaokuja toka Dodoma, sio ubuyu mwekundu wenye sukari na rangi tunaokula tukiwa kwenye daladala. Unga wa ubuyu una vitamini C na nyuzinyuzi nyingi, na ule ukali wake unaamsha ladha ya embe yaani bila huo mie naona smuthi imepooza. Ukikosa ubuyu weka ndimu. Wa kwenda kazini ambaye hatakula mpaka saa saba aongeze kijiko cha siagi ya karanga isiyo na sukari au vijiko viwili vya oti, atashiba kweli. Pasheni naipenda sana lakini usiisage na mengine, zile mbegu zikivunjika smuthi yote inakuwa na mchanga mchanga, mie nakata nakamulia juu ya glasi mwishoni.

Kuhusu blenda. Ya kwanza niliiunguza, niliijaza embe lililoganda mapande makubwa makubwa bila maji nikabonyeza nikaishikilia, ikatoa harufu ya waya na moshi ikafa hapo hapo. Hizi blenda zetu za kawaida zina mota ndogo, zinataka kubembelezwa. Anza na kimiminika, yaani maji na mtindi chini, vitu laini vifuate, vilivyoganda viwe juu kabisa, na vipande viwe vidogo. Bonyeza kidogo achia, bonyeza achia, mpaka usikie sauti imebadilika imekuwa nyororo, ndo uiache iende nusu dakika. Ikikwama zima kwenye swichi ya ukutani, chomoa, koroga na mwiko, ndo uendelee. Usiingize kijiko inazunguka hata kama unaharaka vipi. Na umeme ukikatika asubuhi, ndizi na parachichi vinapondeka kwa uma, unakoroga na mtindi, watoto wanakula na kijiko, siku inaenda.

Ukimaliza tu mimina maji nusu na tone la sabuni, zungusha sekunde kumi, suuza. Ukiiacha mpaka jioni parachichi linashika kwenye visu na harufu haitoki.

Wenye ugonjwa wa sukari nyumbani, mama yangu ni mmoja wao, yeye smuthi hii hanywi glasi nzima, daktari wake alimwambia tunda alitafune na kwa kipimo, kwa hiyo akija namkatia papai vipande kwenye sahani na ndimu juu na anafurahi tu. Na wewe kama una mgonjwa muulize anayemhudumia kwanza, matunda mengi yaliyosagwa pamoja ni rahisi sana kunywa kuliko kula, glasi moja inaweza kuwa na ndizi mbili na embe zima na huwezi hata kuhisi.

Saivi friza langu nimeanza kulipunguza, samaki wanaisha wiki hii na mapaja ya kuku yanafuata, maana Novemba embe dodo zinaanza kuingia sokoni kwa wingi na mwaka huu nataka droo mbili nzima ziwe za embe tu.