Gemu ipi itawatoa watu nyumbani: uzoefu wangu wa kuandaa mashindano Dodoma

Nilipoamua kuandaa mashindano ya gemu za video hapa Dodoma, nilidhani kazi kubwa ingekuwa kupata ukumbi na runinga. Vitu hivyo vilipatikana ndani ya wiki mbili. Kilichonichukua miezi mitatu kilikuwa swali moja: ni gemu ipi itakayomfanya kijana wa Nkuhungu au Kisasa apande daladala Jumamosi asubuhi, alipe kiingilio na kubaki ukumbini hadi jioni?

Nilianza kwa kosa. Katika kundi letu la WhatsApp niliwaomba wenzangu kila mmoja ataje gemu anayoipenda, na majibu yakamiminika. Gemu za simu za kupigana kwa bunduki zilitangulia, PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile zikiongoza na Free Fire ikifuata, kisha gemu ya mpira ambayo wote tunaiita FIFA, na mkiani kabisa Tekken, gemu ya ngumi na mateke ya watu wawili, iliyotajwa na watu wanne tu. Nilikuwa karibu kutangaza mashindano ya simu. Kabla ya kufanya hivyo nikauliza swali la pili: nani yuko tayari kutuma shilingi 3,000 leo ili jina lake liingie kwenye droo? Kundi likanyamaza. Kati ya wapenzi wote wa gemu za simu walituma wawili, ilhali wale wanne wa Tekken walikuwa wametuma wote kabla ya magharibi.

Nililitafakari jambo hilo kwa siku kadhaa, na naona sababu yake iko katika namna gemu zenyewe zinavyochezwa. Mchezaji wa PUBG Mobile yumo mashindanoni kila siku, kwa kuwa mechi moja huweza kukutanisha watu 100 katika ramani moja, naye huicheza akiwa kitandani huku akizungumza na wenzake, hivyo ukumbi haumpi kitu anachokikosa nyumbani. Zaidi ya hapo, ukiwakusanya vijana 60 mahali pamoja unahitaji intaneti ya kuwabeba wote kwa wakati mmoja, na mtazamaji aliyeketi nyuma haoni chochote isipokuwa watu walioinamia simu zao. Mpira na gemu za kupigana ni tofauti: mpinzani wako ameketi kwenye benchi hilo hilo, unasikia anavyohema, na kila aliyemo chumbani anaona nani amefungwa.

Nikaacha simu, nikaanza kuzunguka kwenye vibanda vya gemu vya Majengo, Chang'ombe na Makole. Kibanda kilichonifundisha zaidi ni cha mama mmoja wa Chang'ombe mwenye PlayStation 4 mbili, ambazo huzifunika kwa kitenge kila upepo wa kiangazi unapoleta vumbi. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, alinisogezea kigoda.

"Mwanangu, hawa wa mpira huja wengi," aliniambia. "Anacheza mechi mbili, anakwenda zake. Hawa wa ngumi ni wachache, lakini hawaondoki. Akipigwa analipa, halafu anakaa pale pembeni anangoja zamu yake tena, hata njaa haisikii."

Nilikaa kwake alasiri nzima na nikaona ni kweli. Hapo ndipo nilipoamua kuwa na gemu mbili tu: mpira kwa ajili ya idadi ya watu, Tekken kwa ajili ya ukumbi kuwa na uhai.

Lilibaki suala la toleo, na hapa nilijikwaa tena. Kampuni ya EA, inayotengeneza gemu hiyo ya mpira, iliachana na jina la FIFA, na tangu Septemba 2023 gemu yake huitwa EA Sports FC. Niliandika jina hilo kwenye tangazo, na siku hiyo hiyo watu walinipigia kuuliza kwa nini FIFA haimo. Nikalibadilisha tangazo, nikaandika FIFA kwa herufi kubwa. Kisha nikachagua toleo la zamani lililo katika vibanda vingi, kwa sababu mtu aliyezoea kasi ya pasi za toleo moja hawezi kulipa kiingilio ili akajifunzie toleo jingine mbele ya watu. Kwa Tekken uamuzi ulikuwa rahisi zaidi. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, haichezwi kwenye PlayStation 4, hivyo tukabaki na Tekken 7.

Mzee mwenye ukumbi, karibu na Area C, alihofia kwamba naleta kamari. Nilimweleza kwamba katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, China, mwaka 2023, gemu za video zilishindaniwa kwa medali kama riadha na kuogelea. Alikubali kwa sharti kwamba pasiwe na kubeti, sharti ambalo hata mimi nilikuwa nalo.

Mpira ulijaza nafasi zote 32. Kwa mtoano wa kawaida hizo ni mechi 31, na kwa vipindi vya dakika sita, pamoja na muda wa kuchagua timu, kila mechi ilichukua takriban robo saa, hivyo runinga tatu zilimaliza kazi kwa takriban saa tatu. Tekken walikuja 13 kati ya 16 waliojiandikisha. Hao niliwapangia utaratibu wa kutoka baada ya kufungwa mara mbili, ambapo anayepoteza mara ya kwanza hushuka ngazi ya chini na kuendelea kutoka huko. Mmoja wao alikuwa ametoka Kondoa, na nisingeweza kumrudisha kwao baada ya dakika tano za mchezo.

Robo fainali ya mpira ilinitia uchungu. Matokeo yakiwa 1–1, mshambuliaji akiwa ndani ya boksi na kidole cha mchezaji kikiwa tayari juu ya kitufe cha kupiga, menyu ilijitokeza ghafla na kufunika uwanja wote. Kijana aliyeketi nyuma alikuwa na pedi isiyo na waya iliyowahi kuunganishwa na mashine ile, naye akabonyeza kitufe cha katikati bila kujua. Tuliirudia mechi, lakini aliyekuwa akishambulia alifungwa. Tangu hapo kila pedi hufungwa kwa waya, na hakuna anayeondoka na pedi yake kabla hatujaitenganisha na mashine.

Kufikia saa tisa zaidi ya nusu ya wachezaji wa mpira walikuwa wameondoka, kwa kuwa aliyetolewa hakuwa na la kungoja. Waliobaki walijipanga nyuma ya runinga ya Tekken, wengine wakiwa wamesimama juu ya viti. Vijana wa Tekken walikuwa wakiwasimulia habari za Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, aliyetwaa mataji ya Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya Japani na ya Las Vegas mwaka 2019 akitoka mahali ambapo wachezaji wengi wakubwa walikuwa hawapajui. Nadhani hicho ndicho walichokifuata ukumbini: kila mmoja alitaka kumpata aliye bora kuliko yeye hapa hapa mkoani, ana kwa ana.

Mashindano ya pili yatafanyika wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) watakapomaliza mitihani yao. Mpira sasa utaanza kwa makundi ya watu wanne, ili kila aliyelipa acheze angalau mechi tatu. Tekken nimeiongeza hadi nafasi 24, na mama wa Chang'ombe ndiye anayepokea viingilio na kuandika majina kwenye daftari lake. Jana nilipopita aliniambia upande wa Tekken umejaa, na upande wa mpira zimebaki nafasi nane.