Eti nimchome!

Jioni hii jimu, hapa Michenzani, kijana kanitolea kichupa mfukoni. Unga mweupe chini, kizibo cha mpira.

"Dada, si wewe nesi? Nichome basi, nitanuke."

Lebo imebanduka nusu: GHRP-6. Chini yake, kwa herufi za kutafuta na miwani: kwa utafiti tu, si kwa binadamu. Hana habari!

Nikamweleza. Ni peptidi ya maabara, yaani mnyororo mfupi kama kipande cha protini; huichochea tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni ya ukuaji. Hushika kipokezi (mahali pa kujishikiza kwenye seli) kilekile cha grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Kwa hiyo huleta njaa kali. Na michezoni ni marufuku.

"Njaa tena? Na bei ya mchele hii?"

Nilicheka, lakini sikumchoma.

Jamani, na mitaani kwenu vimeshafika?