Zulia la Gander Green Lane

Jumatatu ya 20 Februari 2017 nilishuka treni kituo cha West Sutton, kusini mwa London, saa kumi na moja jioni. Mechi ilikuwa ianze saa mbili kasoro dakika tano usiku: Sutton United ya daraja la tano dhidi ya Arsenal, raundi ya tano ya Kombe la FA. Magazeti yalikuwa yamehesabu nafasi 105 kati ya timu hizo kwenye ngazi ya ligi za Uingereza. Watu walikuja kuiona Arsenal. Mimi nilikuwa na hamu ya kuliona zulia, yaani nyasi bandia za uwanja wao.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kutunza kiwanja cha nyasi bandia cha shule moja, na mtu wa kazi hiyo akiingia uwanja wowote macho yake hushuka chini yenyewe. Geti lilipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja nyuma ya goli, nikashika uzio, nikainama. Pale zulia linapoishia palikuwa na mstari wa chembe nyeusi, ndogo kama mbegu za mchicha zilizomwagika jikoni. Nikachota kidogo kwa vidole na kuzisugua. Zilikuwa kavu, hazijashikana. Nikajua kiwanja kimetunzwa.

Chembe zile ni matairi chakavu yaliyosagwa, na ndizo zinazoamua mpira utachezwaje. Chini kabisa ya zulia kuna kokoto na tabaka linalopitisha maji, kisha mara nyingi godoro jembamba la kupunguza mshtuko. Juu yake ndiyo linatandikwa zulia lenyewe, nyuzi za plastiki za milimita 60 hivi. Humo hunyunyizwa mchanga kwanza, ili uzito wake ulikalishe zulia lisivutike, halafu raba. Kiwanja kizima kinaweza kumeza tani 100 za raba, na ukitazama ukiwa jukwaani huoni hata chembe moja; unaona kijani tu.

Tatizo ni kwamba raba haitulii. Kila kiatu kinachokata kona hurusha chembe, nazo zinahama kutoka mbele ya goli, kwenye alama ya penalti na penye kibendera cha kona, zinakwenda kujirundika pembeni. Ikipungua, nyuzi zinalala, mpira unakimbia kuliko sehemu nyingine, kiatu kinanasa na goti linalipa. Ikizidi, mpira unakwama kama umepita kwenye mchanga wa pwani. Dawa ni trekta ndogo inayoburuta brashi, ikibadili mwelekeo kila safari, na ndoo ya raba ya kujazia kwa mkono pale palipochimbika. Sisi tulifundishwa kwamba saa kumi za kuchezwa zinadai saa moja ya matunzo. Pale shuleni saa hiyo moja ilikuwa ya kwanza kukatwa kila bajeti ilipobana, na mwaka mmoja alama yetu ya penalti, ambayo ni kiraka cheupe kilichogundishwa kwenye zulia, ilibanduka katikati ya mashindano ya watoto. Refa aliibeba mkononi kama chapati.

Kwa hiyo wachezaji walipotoka kupasha misuli nilikuwa natazama midundo. Kipimo cha FIFA ni rahisi: angusha mpira kutoka mita 2, nao uruke sentimita 60 hadi 100. Kwa jicho tu, mpira wa Sutton ulikuwa unaruka vizuri, labda mgumu kidogo upande wa mbali. Mustafi, beki wa Arsenal, alipokea pasi mbili tatu, akaangalia chini, akakanyagakanyaga. Wakati huo mdogo wangu yuko kibanda umiza Morogoro, karibu saa tano usiku kwao, Arsenal damu, akaniandikia: "Kaka, mbona mnatuchezesha kwenye mkeka?"

Mkeka huo ndio uliokuwa unailisha klabu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kuielewa timu ya nusu kulipwa. Wachezaji wanafanya mazoezi jioni chache kwa wiki na wengi wana kazi nyingine. Kocha wao, Paul Doswell, hakuwa anachukua mshahara kabisa. Kiingilio cha mechi mbili au tatu kwa mwezi hakitoshi kuendesha kitu. Kiwanja cha nyasi halisi, kwa mvua za kule, ukikichezea zaidi ya saa tano sita kwa wiki kinageuka tope ifikapo Desemba, na mechi zinaahirishwa, na siku mechi imeahirishwa baa ya klabu haiuzi hata bia moja. Zulia linachezwa saa 40 kwa wiki na zaidi. Watoto, wanawake, timu za mtaani, wote wanakodi. Sutton walilitandika 2015 na msimu huohuo, 2015-16, wakachukua ubingwa wa National League South, daraja la sita, na kupanda. Sisemi zulia lilifunga magoli. Nasema timu ilikuwa na mahali pa kufanyia mazoezi Januari wakati wenzao wanatafuta ukumbi wa shule.

Klabu yenyewe ni ya 1898, ilizaliwa kwa kuunganisha timu mbili za mji, na imekaa Gander Green Lane tangu 1912. Kwa miaka mingi ilikuwa ya ridhaa kabisa. Ilifika fainali ya Kombe la FA la ridhaa mara mbili, 1963 na 1969, ikapoteza zote. Januari 1970 Leeds walikuja pale wakapiga 6-0. Halafu 7 Januari 1989 ikaja siku ambayo wazee wa Sutton hawachoki kuisimulia: Coventry ya daraja la kwanza, iliyobeba kombe hilohilo miaka miwili kabla, ilifungwa 2-1. Magoli yote mawili yalianzia kwenye kona. La kwanza, mpira uliguswa kwa kichwa mlingoti wa karibu na Tony Rains akaumalizia mlingoti wa mbali. La pili, kona fupi, krosi, na Matthew Hanlan, fundi wa kujenga kwa matofali, akaupiga kabla haujatua. Raundi iliyofuata Norwich wakawapa 8-0, lakini hilo halisimuliwi sana.

Leeds walirudi 29 Januari 2017, wakafungwa 1-0 kwa penalti ya nahodha Jamie Collins. Miaka 47 deni likalipwa. Nilipofika nikaitafuta alama ile ya penalti. Ilikuwa imelala sawasawa, kingo zimeshika.

Kuhusu mechi yenyewe sina mengi. Dakika ya 27 Lucas Pérez wa Arsenal aliingia kutoka kulia, akaupiga wa chini kwa mguu wa kushoto, kila mtu akidhani ni pasi, ukapita miguu yote hadi wavuni. Sielewi watu wanaosema zulia liliwaokoa au kuwaponza Sutton. Mpira ule ungeingia hata kwenye nyasi za Wembley. Dakika ya 55 Theo Walcott akafunga la pili, goli lake la 100 akiwa Arsenal. Kisha Roarie Deacon, kijana aliyelelewa kwenye akademi ya Arsenal hiyohiyo, akaachia shuti la mbali likagonga mtambaa wa panya. Mlio wake niliusikia kifuani. Kwa sekunde kama tatu watu 5,000 walinyamaza, halafu wakaguna kwa pamoja.

Baadaye dunia nzima ikakumbuka kitu kimoja tu, kipa wa akiba mnene aliyekula pai mbele ya kamera huku kampuni ya kamari imetoa uwiano wa nane kwa moja kwamba ataila. Kesho yake akajiuzulu. Inaniudhi mpaka leo. Klabu ya miaka 119 ikafupishwa kuwa pai.

Kilichostahili kuzungumzwa kilikuja 2021. Sutton walichukua ubingwa wa National League, wakaingia Ligi ya Soka (EFL), yaani madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu, kwa mara ya kwanza katika historia yao, na sharti la kwanza mlangoni lilikuwa kung'oa zulia. Kombe la FA linalikubali tangu msimu wa 2014-15. Ligi ya Soka hailikubali. Kumbukumbu ya viwanja vya plastiki vya miaka ya 1980 bado inawauma: klabu ya QPR ilianza 1981, Luton, Oldham na Preston wakafuata, mpira ukiruka kama wa tenisi na magoti yakichunika. Zulia la leo na lile ni vitu viwili tofauti, kama aliyewahi kucheza kwenye nyasi bandia za Kaitaba, Bukoba, au Nyamagana, Mwanza, anavyojua, lakini sheria ni sheria. Kutoka ushindi wa 3-0 dhidi ya Hartlepool uliowapa ubingwa, 23 Mei, hadi ufunguzi wa msimu, 7 Agosti, ni wiki kumi na moja. Katika wiki hizo unakata zulia vipande na kuvikunja, kila kimoja kizito kwa mchanga na raba, unaondoa tabaka la chini, unalaza mabomba ya maji, unaleta mchanga na udongo wa kuoteshea, unaotesha nyasi na kuomba Mungu kusiwe na joto. Na saa 40 za kukodisha zinageuka tano. Msimu wa kwanza walimaliza nafasi ya nane. Aprili 2024, baada ya sare ya 4-4 na Milton Keynes Dons siku ya mwisho, wakashuka daraja.

Usiku ule wa Arsenal hayo yote yalikuwa mbele. Kipyenga kilipolia nilibaki kwenye uzio hadi umati ulipopungua, maana njia ya kwenda kituoni ilikuwa imeziba. Taa zilikuwa bado zinawaka. Mzee mmoja mwenye koti la rangi ya klabu, kahawia na manjano, alitokea upande wa kona na ufagio mpana, akaanza kufagia zile chembe nyeusi kutoka pembeni, akizirudisha zuliani taratibu, mita moja moja. Nikamuuliza kama haingeweza kusubiri asubuhi.

"Kesho kuna watoto," akasema, bila kuinua kichwa.