Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayekimbiza sampuli

Watu wakisikia nahudumia wagonjwa wa uvimbe wa ubongo hunitazama mikono, kana kwamba mimi ndiye ninayepasua. Kisu sishiki. Mimi ni muuguzi mratibu wa jopo. Kila Jumatano saa nane mchana daktari mpasuaji wa ubongo, msoma picha, mtaalamu wa patholojia (anayechunguza vipande vya mwili kwa hadubini), daktari wa mionzi, wa dawa za saratani, wa tiba ya viungo, wa lugha, watu wa huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, na afisa wa ustawi wa jamii huketi chumba kimoja hapa Nairobi na kumjadili mgonjwa mmoja mmoja. Kila mgonjwa hupata dakika sita au saba. Mimi hupewa siku nzima kuzitayarisha hizo dakika.

Saa kumi na nusu alfajiri naamka. Chai, chapati ya jana, matatu kutoka Githurai kabla Thika Road haijafunga.

Saa moja hadi saa tatu ni wodi. Natoboa vidole vya wanaomeza deksamethasoni, maana dawa hiyo hupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe kichwani lakini hupandisha sukari, na naeleza kwa mara ya elfu kwamba haiachwi ghafla hata kama kichwa kimeacha kuuma. Kisha nafungua diski za picha za ubongo, za MRI, za wagonjwa tisa walio kwenye orodha. Nane zinafunguka. Ya tisa inafunguka baada ya kufutwa kwa upindo wa sare yangu.

Saa tatu na nusu. Hapa ndipo siku ilipoharibika.

Kwenye orodha kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kitui. Alianza kwa kupoteza maneno darasani: chaki akawa anaiita "ile ya kuandikia". Kwingineko walikuwa wamemtoa kipande kidogo cha uvimbe, na majibu yakaja na neno moja, glioma, yaani uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazosaidia neva za ubongo, basi. Neno hilo peke yake halitoshi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, uvimbe wa aina hii haupewi jina kamili kwa kutazamwa na hadubini pekee. Lazima pia ijulikane kama una mabadiliko katika jeni ya IDH. Mtaalamu wetu wa patholojia alitaka slaidi za kipande kile, na bloku yenyewe ya nta iliyokihifadhi, ili aikate upya na kuipaka rangi za kupimia. Bila hivyo, jina la Mwalimu lingesukumwa hadi Jumatano nyingine, na uvimbe hausubiri Jumatano.

Maabara iliyokuwa na bloku hiyo siitaji jina. Nilifika dirishani na barua ya daktari, kopi ya kitambulisho na idhini ya mgonjwa.

"Sista, fomu hii imepitwa na wakati. Siku hizi kuna mpya."

"Naipata wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi nipe."

"Hutolewa na mhasibu. Mhasibu ametoka kunywa chai."

Nikakaa kwenye benchi. Chai ile sijui ilichemshiwa kuni za wapi, maana mhasibu alirudi saa tano kasorobo. Akafungua kompyuta, akatikisa kichwa. Mgonjwa ana deni la shilingi 1,800. Nikampigia mume wa Mwalimu. Alikuwa hospitalini kwetu na mkewe tangu alfajiri, akasema anatuma sasa hivi. Tukasubiri ujumbe, mimi na mhasibu, tukitazamana. Ujumbe haukuja. Nikalipa kwa simu yangu. Dakika tatu baadaye pesa za mzee nazo zikaingia, kwa hiyo tukaanza safari ya kurudishiana, ambayo kwa kweli siku nyingine ningeicheka.

Saa sita na robo nikapewa bahasha. Nikataka kukimbia, lakini nina ugonjwa wa kusoma namba. Bloku si kitu kikubwa: kisanduku cha plastiki, nusu ya kiberiti, kimejazwa nta nyeupe, na ndani ya nta vipunje vinne vya kijivu kama wali uliokauka. Hivyo vipunje ndivyo ubongo wa mtu. Pembeni pameandikwa namba, na namba haikulingana na ya barua. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimebadilishana nafasi. Nilikuwa nimeshika kipande cha mtu mwingine kabisa.

"Ah, sista, si zinafanana tu?"

Sikujibu. Miaka kumi na moja kazini imenifunza kunyamaza nikiwa na hasira, kwa sababu anayeweza kuingia stoo ni yeye, si mimi. Aliingia, akakaa, akatoka na bloku sahihi. Nikasoma namba mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti. Nikatia sahihi, nikatafuta boda.

Saa saba na dakika arobaini nilimkabidhi mtaalamu wa patholojia. Hakusema asante, aliweka slaidi chini ya hadubini hapo hapo, na kwangu hiyo yatosha. Chakula cha mchana kilikuwa ndizi moja, kwenye ngazi.

Jopo likaanza. Wa kwanza alikuwa nyanya wa miaka 74 mwenye meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, ndogo isiyosumbua, iliyoonekana kwa bahati alipopigwa picha baada ya kuanguka. Uamuzi: asiguswe, apigwe picha tena baada ya miezi sita. Mwanawe alikuwa ameshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya upasuaji. Kumwambia ni kazi yangu.

Zamu ya Mwalimu ilipofika, mpasuaji alionyesha uvimbe ulivyolalia upande wa kushoto, karibu na sehemu za usemi. Alitaka kumpasua akiwa macho, akitaja picha huku uvimbe ukiondolewa, ili wajue wapi pa kusimama. Mtaalamu wa lugha alishatupa zamani zile kadi za kigeni zenye wanyama wa barafuni. Za kwake zina sufuria, mwiko, jiko la makaa. Akauliza apimwe kwa lugha gani. Wakasema Kiswahili na Kiingereza, si ni mwalimu?

Nikainua mkono. Asubuhi nilimwona kwenye korido akihesabu nauli. Alihesabu kwa Kikamba, bila kukwama hata noti moja. Kimya kidogo, kisha mpasuaji akasema, "Basi na Kikamba." Ikaandikwa.

Afisa wa ustawi akauliza lake: ikiwa rangi zitaonyesha ni daraja la nne, kali kuliko yote, atapigwa mionzi mara thelathini, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita, pamoja na vidonge vya saratani vya temozolomidi. Wiki sita hizo atalala wapi? Kwa shemeji yake Kayole, ghorofa ya tano. Mtaalamu wa viungo akakataa papo hapo. Mguu wa kulia wa Mwalimu haupandi ngazi tano. Madaktari bingwa wote wale, na tulichokaa nacho muda mrefu zaidi kilikuwa ngazi.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Nilimweleza mwenye ng'ombe. Alikaa kimya, kisha akauliza kama tunaweza kumwandikia barua mnunuzi. Nilikaa na Mwalimu na mumewe. Aliposikia huduma shufaa wataanza kumwona, mume aliuliza kama ndiyo kusema tumekata tamaa. Nikamwambia wanakuja kwa ajili ya yale maumivu ya kichwa yanayomnyima usingizi, leo, si kesho. Mwalimu akanishika kiganja. Alitafuta neno, akalikosa, akacheka kwa hasira, akalisema kwa Kikamba. Mumewe hakunitafsiria.

Giza lilikuwa limeingia nilipopanda matatu. Nilisinzia, nikapitishwa stegi yangu, nikarudi kwa miguu. Nyumbani nikitoa vitu mkobani nikakuta karatasi ya maabara: bloku irudishwe ndani ya siku kumi na nne, dirisha lile lile. Nimeandika kwenye kalenda Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi, kabla mhasibu hajatoka kunywa chai.