Nirvana: fuatilia nani amekaa kwenye dramu

Tangu Kurt Cobain (gitaa na sauti) na Krist Novoselic (besi) waanzishe bendi ya roki ya Nirvana huko Aberdeen, jimbo la Washington, mwaka 1987, gitaa na besi havikuwahi kubadili mikono. Dramu ndiyo iliyopita kwa wengi: Aaron Burckhard, Dale Crover wa bendi ya Melvins, Dave Foster, Chad Channing, Dan Peters wa bendi ya Mudhoney aliyerekodi "Sliver" tu, hadi Dave Grohl alipoingia Septemba 1990.

Albamu ya kwanza, Bleach (1989), ilirekodiwa Seattle na prodyuza Jack Endino kwa dola 606.17. Pesa alitoa Jason Everman. Yumo kwenye picha ya jalada na ametajwa kuwa mpiga gitaa, ila hakupiga hata noti moja. Dramu nyingi ni za Channing, lakini "Floyd the Barber" na "Paper Cuts" ni Crover, zimetoka kwenye demo (rekodi ya majaribio) ya Januari 1988.

Channing huyu ndiye anayesahaulika, na si haki. Aprili 1990 bendi ilikwenda Smart Studios, Madison, kwa prodyuza Butch Vig, kurekodi nyimbo ambazo baadaye ziliingia albamu ya pili, Nevermind. Channing akaondoka mwaka huohuo, lakini mpangilio wake wa mapigo ukabaki. Chukua toleo la Nevermind la 2011 lenye rekodi za Smart Studios, usikilize "In Bloom" mbili, ya Channing na ya Grohl, moja baada ya nyingine. Grohl anapiga kwa nguvu zaidi, ila mapigo ni yaleyale. Mwenyewe alilisema hilo jukwaani mwaka 2014, bendi ilipoingizwa Rock and Roll Hall of Fame. "Polly" nayo haikurekodiwa upya; matoazi unayoyasikia mle ni ya Channing.

Mei 1991 wakaingia studio ya Sound City, Van Nuys, kurekodi Nevermind yenyewe, penye meza ya sauti ya Neve 8028 na chumba kikubwa kinachoifaa dramu. Grohl alikuwa na kasoro moja: kwenye "Lithium" alikuwa akiongeza kasi. Vig akamwekea mlio wa kuhesabia mapigo masikioni, tatizo likaisha. "Something in the Way" ilisumbua zaidi. Cobain aliirekodi amelala kwenye kochi ndani ya chumba cha mitambo, anaimba chinichini, bila mlio wowote wa kuhesabia, na gitaa halikuwa kwenye tyuni ya kawaida. Besi na dramu zikaongezwa baadaye, kwa hiyo Novoselic na Grohl ilibidi wamfuate mtu aliyekwisha kupiga, na Grohl, mtu wa kuvunja vijiti, akalazimika kugusa ngoma taratibu mno.

Kwa albamu ya tatu, In Utero, Februari 1993, walikwenda studio ya Pachyderm, Minnesota, kurekodi na Steve Albini. Alilipwa dola 100,000 na kukataa asilimia ya mauzo. Alitawanya maiki nyingi kuzunguka dramu ili mwangwi wa chumba uingie. Baadaye "Heart-Shaped Box" na "All Apologies" zikachanganywa upya na prodyuza Scott Litt, sauti ya mwimbaji ikaja mbele. Mwaka huohuo Pat Smear akaongezwa kama mpiga gitaa wa pili wa jukwaani.

Kazi ya Albini ukitaka kuisikia vizuri, anza na "Scentless Apprentice". Dramu inaingia peke yake, chumba kizima kinasikika, na hata rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) linalofuata alilileta Grohl.